Kushuka kwa Kagera Sugar: Tusitafute Mchawi

Timu ikishinda, wachezaji hubebwa mabegani. Ikishindwa, kila mpita njia huwa kocha. Ndivyo ilivyo duniani kote, na ndivyo ilivyokuwa mkoani Kagera baada ya msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kumalizika huku Kagera Sugar ikiwa ya kumi na tano kati ya timu kumi na sita. Kwa kanuni za ligi hiyo, timu mbili za mwisho hushuka daraja moja kwa moja. KenGold ya Chunya ilikuwa ya mwisho, na Kagera Sugar ikafuatana nayo. Kwa timu iliyokuwa imekaa katika ligi hiyo takriban miaka ishirini, hilo lilikuwa pigo ambalo wengi hawakulitazamia mpaka lilipowaangukia.

Tangu hapo mkoa mzima umekuwa baraza. Katika mji mdogo wa Rulenge, huko Bushubi wilayani Ngara, wapo washabiki ambao hawajapata kukanyaga Uwanja wa Kaitaba maisha yao yote. Kutoka Rulenge hadi Bukoba ni safari ndefu, kupita Biharamulo na Muleba, na nauli yake si ya kuchezea. Hata hivyo, washabiki hao wanaijua timu kwa redio na kwa televisheni za vibandani, na wanahesabu makosa yake mmoja baada ya mwingine kana kwamba walikuwa wamekaa benchi. Kadhalika visiwani Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako mvuvi huacha nyavu zake zikikauka ili apate dakika tisini za mpira. Hao nao wana hukumu zao.

Sisi hatukusudii kufukua msiba. Tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba hukumu nyingi zilizotolewa zimemkamata mshitakiwa asiye sahihi. Timu inayoshuka kwa sababu ambazo watu wake hawakuzielewa hushuka mara mbili: mara ya kwanza katika msimamo wa ligi, mara ya pili katika fikra.

Hoja za washabiki tunaweza kuzipanga katika mafungu matatu. Wa kwanza wanamlaumu kocha. Wa pili wanamlaumu mwenye timu. Wa tatu wanawalaumu waamuzi, bahati, na mambo mengine yanayosemwa kwa kunong'ona. Fungu hili la tatu hatutalipotezea wino. Timu inayocheza mechi thelathini kwa msimu haiwezi kuonewa na bahati katika mechi zote thelathini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na anayemtafuta mchawi katika msimamo wa ligi atamkosa, kwa kuwa mle mna hesabu tu.

Tuanze na kocha. Ni kweli kwamba msimu huo Kagera Sugar iliongozwa na makocha watatu. Ilianza na Paul Nkata kutoka Uganda, ikaendelea na Melis Medo, ikamalizia na Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Taifa Stars. Chombo kinachobadilisha nahodha mara tatu katika safari moja hakiwezi kutegemewa kufika bandarini kwa wakati. Kila kocha huja na mfumo wake, huchagua wachezaji wake, na huhitaji miezi kadhaa kabla vijana hawajamwelewa. Huyu akianza kueleweka anaondoka. Anayefuata anaanza na ukurasa mtupu huku pointi zikiendelea kupotea.

Lakini tuulize swali linalofuata: je, ugonjwa ulianza msimu huo? Kumbukumbu zinasema hapana. Tarehe 19 Mei 2018, katika Uwanja wa Taifa ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe la ubingwa mbele ya Rais John Magufuli. Simba haikuwa imepoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Kagera Sugar ikaifunga bao moja kwa bila, na langoni mwa Kagera alikuwa Kaseja huyo huyo. Msimu uliofuata, wa 2018/19, Kagera Sugar iliifunga Simba mara mbili, nyumbani na ugenini, ingawa Simba ndiyo iliyotwaa ubingwa na kufika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mkoa ulisherehekea, na ulikuwa na haki ya kusherehekea.

Sasa tutazame upande wa pili wa sarafu hiyo. Katika msimu huo huo ambao Kagera Sugar ilimfunga bingwa mara mbili, ilijikuta mwishoni ikicheza mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Ilinusurika. Jambo hilo lilipaswa kutushtua kuliko kilichotokea mwaka 2025. Timu yenye uwezo wa kumshinda bingwa mara mbili, kisha ikakosa pointi za kutosha mbele ya timu za kawaida, haikuwa imepungukiwa vipaji. Ilipungukiwa utaratibu wa kila siku: mazoezi, maandalizi ya safari, kikosi cha akiba na subira. Wachezaji walijiandaa kwa harusi, wakasahau kwamba maisha ya ndoa ni siku za kawaida. Washabiki nao tulisahau. Tulikumbuka Simba, hatukuukumbuka mchujo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ule tuliuona miaka sita kabla ya ukuta kuanguka.

Tuje kwa mwenye timu. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, katika eneo ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivamia mwaka 1978. Kiwanda kilikuwa cha umma, kisha kikabinafsishwa mwaka 2001. Timu imebeba jina la mkoa, nalo si jina la kubebwa ovyo: ni mwaka 1979, baada ya vita, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipoanza kuitwa Kagera. Lakini kwa haki ya kisheria timu ni ya kampuni. Mshabiki wa Rulenge hana kadi ya uanachama, hana kura, hana mkutano mkuu wa kuhoji hesabu. Ana mapenzi tu.

Wapo wanaosema kwa hasira kwamba kampuni imeitelekeza timu. Sisi hatuna ushahidi wa kusema hivyo, wala hatutasema. Tunachosema ni hiki: kazi ya kiwanda cha sukari ni kutengeneza sukari. Kampuni inapolipa mishahara ya wachezaji, inagharamia kambi na safari za mechi kwenda Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 1,400 kwa barabara, inafanya hisani kwa mkoa huu. Tunaishukuru kwa miaka yote hiyo. Lakini hisani haina mkataba. Siku ambayo mfuko unabana, au mwenye mfuko anachoka, timu hubaki yatima. Kosa si la mfadhili. Kosa ni la mkoa wenye wakazi karibu milioni tatu, kwa sensa ya mwaka 2022, ulioridhika kwamba mzigo wa wote ubebwe na bega moja.

Historia ilikwisha kutuonya. Wazee wa mkoa huu wanaikumbuka RTC Kagera, timu ya Shirika la Biashara la Mkoa. Katika miaka ya 1980 mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa baba na mama wa michezo nchini. Reli, bandari, pamba na ushirika, kila mmoja alikuwa na timu yake. Mashirika yalipoanza kuyumba na kufutwa, timu zikafa nayo, na viwanja vikaota majani. Hazikufa kwa kukosa wachezaji. Zilifia mifukoni mwa waliozilea, kwa sababu hazikuwa na mizizi penginepo. Tulitoka kwenye mfuko wa shirika la umma tukaingia kwenye mfuko wa kampuni binafsi, tukadhani tumehama nyumba; kumbe tulibadilisha mlango tu.

Wala Kagera haiko peke yake. Tutazame Kanda ya Ziwa yote na majirani zake. Toto Africans ya Mwanza ilishuka mwaka 2017. Stand United ya Shinyanga ilishuka 2019. Mbao na Alliance, zote za Mwanza, zilishuka 2020. Mwadui ya Shinyanga na Gwambina ya Misungwi zilishuka 2021. Biashara United ya Mara ilishuka 2022, na hiyo ni baada ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilishinda mechi ya kwanza dhidi ya Al Ahli Tripoli na kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano. Geita Gold, nayo baada ya kuonja mashindano ya Afrika, ilishuka 2024. Kagera Sugar ikafunga msururu huo mwaka 2025. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, hakuna hata moja kati ya timu hizo iliyokuwa imerudi Ligi Kuu. Kanda nzima iliwakilishwa na Pamba Jiji ya Mwanza, ambayo yenyewe ilihitaji zaidi ya miaka ishirini kurudi.

Msomaji aisome orodha hiyo mara mbili. Timu tisa katika muda wa miaka tisa. Haiwezekani kwamba makocha wote hao walikuwa wabovu, wala haiwezekani kwamba wachawi wote wa nchi wamehamia kandokando ya ziwa. Palipo na majeneza tisa katika mtaa mmoja, mwenye busara huenda kuchunguza kisima.

Na kisima chetu kina ugonjwa wa tatu ambao washabiki hawapendi kuutaja, kwa sababu unawahusu wao. Siku Simba au Yanga inapokuja Bukoba, Kaitaba hujaa. Lakini hujaa rangi gani? Nyekundu, au kijani na njano. Mwenyeji huingia katika uwanja wake mwenyewe akazomewa na watoto wa nyumbani. Wiki inayofuata, anapokuja mgeni asiye na jina kubwa, majukwaa yana nafasi za kulala. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumemfanya mcheza kwao awe mgeni, kisha tunashangaa kwamba hakutunzika. Hatumkatazi mtu kuipenda timu ya Dar es Salaam; mapenzi hayana mipaka ya wilaya. Ila aliyeimba dhidi ya timu yake mwezi Novemba asilie kwa sauti kuliko wafiwa mwezi Juni.

Haki inatutaka tuongeze kwamba timu nayo iliwahi kutengwa na watu wake bila kupenda. Kaitaba ilipokuwa ikiwekwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, Kagera Sugar ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani nje ya mkoa. Uwanja ulirudi ukiwa mzuri zaidi, na ukaendelea kuwa zaidi ya uwanja wa mpira. Tarehe 7 Novemba 2022, siku moja baada ya ndege ya Precision Air kuanguka ziwani na watu 19 kupoteza maisha, hapo Kaitaba ndipo wananchi walipokusanyika pamoja na Waziri Mkuu kuwaaga marehemu. Mahali ambapo mkoa hukutana kulia na kucheka si mahali pa kuachwa bila kazi.

Wapo viongozi watakaotujibu kwamba mkoa una mahitaji makubwa kuliko mpira: barabara, zahanati, madawati, maji. Tunawaunga mkono. Hatuombi hata senti moja itolewe katika dawa za hospitali ipelekwe katika viatu vya mpira. Lakini tuseme pia gharama ya kushuka. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na timu za Ligi Kuu hupata fungu lao katika fedha hizo. Timu ikishuka, fungu hilo linakwenda mkoa mwingine. Wageni wanaolala Bukoba siku ya mechi kubwa hawaji tena. Mwenye nyumba ya kulala wageni, dereva wa bodaboda, mama anayepika ndizi na kijana anayeuza senene nje ya geti, wote hao wameshuka daraja pamoja na timu. Kubwa zaidi, kijana wa Ngara mwenye kipaji, ambaye zamani aliiona ngazi ndani ya mkoa wake, sasa anaiona mbali.

Basi nini kifanyike? Hatuna dawa ya muujiza, lakini tuna mambo manne ya kuwaeleza wahusika.

La kwanza linaihusu kampuni na uongozi wa mkoa kwa pamoja. Waketi meza moja na waseme waziwazi nani anabeba nini. Kama kampuni itaendelea kuwa mmiliki, na ijulikane mkoa na halmashauri zake nane zitachangia kwa njia gani. Kama kampuni inataka washirika, na itangazwe mapema, kabla ya timu kufikia hali ya kuombewa. Kinachoua ni ukimya, pamoja na zile ahadi za jukwaani zinazotolewa siku ya ushindi na kusahauliwa siku ya nauli.

La pili ni la washabiki. Kuanzishwe chama cha washabiki chenye matawi ya kweli katika kila halmashauri, Rulenge ikiwamo, na visiwa vikiwamo. Elfu moja kwa mwezi kutoka kwa mtu mmoja ni kitu kidogo. Kutoka kwa maelfu ya watu ni basi la timu. Tena mwenye kuchangia hupata haki ya kuuliza. Mshabiki wa leo ana sauti ya kulaumu tu. Mchangiaji atakuwa na sauti ya kuhoji hesabu, na hiyo ndiyo inayojenga.

La tatu ni vijana. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, hutuonyesha kila mwaka watoto wenye miguu ya dhahabu. Wakimaliza shule wanapotea. Mmoja anarudi kulima kahawa, mwingine anaingia katika mtumbwi, wa tatu anapanda basi kwenda Mwanza kutafuta bahati. Kwa nini pasiwe na mtu mmoja tu katika kila wilaya ambaye kazi yake ni kuandika majina hayo na kuyafikisha Bukoba? Visiwani vijana hucheza mchangani, pembeni ya mialo, bila viatu na bila mwamuzi. Miguu iliyozoea mchanga ina nguvu ambayo huwezi kuinunua. Lakini hakuna mtafuta vipaji anayevuka maji. Tunawaambia ndugu zetu wa visiwani: msingoje kuvukiwa. Undeni ligi yenu, andikeni matokeo yenu, leteni timu ya pamoja katika mashindano ya wilaya, na mdai nafasi yenu kama wanavyodai wa nchi kavu.

La nne ni la Serikali peke yake, nalo halihitaji fedha nyingi. Ni ardhi. Miji yetu midogo inakua haraka, na kila mahali kiwanja cha michezo ndicho cha kwanza kumegwa. Leo kibanda, kesho ghala, keshokutwa hati ya mtu binafsi. Maofisa ardhi na watendaji wa kata wapime viwanja vyote vya michezo, waweke mawe ya mipaka, wavisajili kwa jina la umma. Mtoto asiye na pa kuchezea hatakuwa mchezaji hata aletewe kocha kutoka Ureno.

Tunajua kwamba kurudi kunawezekana, na mfano upo karibu kuliko tunavyofikiri. Mtibwa Sugar ya Morogoro, timu ya kiwanda cha sukari kama yetu, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ilishuka daraja mwaka 2024. Haikukaa matanga. Ilicheza msimu mmoja wa Championship, ikaongoza ligi hiyo, na mwaka 2025 ikarudi Ligi Kuu, mwaka ule ule ambao Kagera Sugar iliteremka. Mlango huo huo mmoja alikuwa akitokea, mwingine akiingilia. Lakini orodha ya Kanda ya Ziwa tuliyoitaja inatuambia pia upande wa pili: anayeshuka bila kujirekebisha hukaa huko akazoea.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mkoa wasingoje timu ipande ndipo waje kupiga picha nayo. Waje sasa, majukwaa yakiwa matupu. Tunawaomba washabiki wa Rulenge, Biharamulo, Muleba na visiwa vyake wapunguze kesi na waongeze mahudhurio. Kampuni nayo tunaiomba ifungue mlango, ili mzigo uliokuwa juu ya bega moja ubebwe na mabega mengi. Jina la Kagera lilipokelewa na mkoa huu mwaka 1979 baada ya watu wake kuvuka jaribu kubwa kuliko mpira. Kulirudisha mahali pake katika Ligi Kuu si kazi ya kocha mmoja, awe wa nne au wa tano. Ni kazi ya wenye jina.